Bomba Lisilopashwa Moto: Kwa Nini Ubunifu Mwingi wa Ndege za Kivita Unaishia Kwenye Majaribio

Tangu Desemba 26, 2024, siku ambayo video za ndege mbili za Kichina zisizo na mkia zilisambaa mitandaoni, moja ikikatiza juu ya jiji la Chengdu, kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani, Tanga, kimepata mada isiyochuja. Haikupita hata miezi mitatu, Machi 21, 2025, Rais Donald Trump akatangaza kwamba kampuni ya Boeing imepewa kazi ya kuijengea Marekani ndege mpya ya kivita iitwayo F-47. Basi ikawa jioni baada ya jioni simu inazunguka mkono kwa mkono, kashata zinaliwa bila kuhesabiwa, na hukumu zinatolewa: F-16 ya Wamarekani ni chuma chakavu, F-35 yao imezeeka kabla ya kumaliza kulipiwa, na kesho kutwa anga litakuwa mali ya mabawa ya pembetatu yanayojiendesha yenyewe. Si Ngamiani peke yake. Hata wanaojiita wachambuzi wamekuwa wakizungumza kana kwamba chochote kilichopigwa picha angani kimekwisha kufika vitani.

Nadhani picha hizo zinasomwa vibaya, na kosa lenyewe ni la zamani. Ndege ya majaribio haijengwi ili iwe kifungua mimba wa ukoo mpya wa ndege. Inajengwa ijibu swali, na swali likishajibiwa kazi yake imekwisha, hata kama jibu ni ndiyo. Baina ya jibu hilo na kikosi kamili chenye marubani, ghala la vipuri na mafundi wa zamu ya usiku kuna safari nyingine kabisa, na ubunifu mwingi huanguka njiani humo ukiwa mzima wa afya. Unaovuka ni ule unaofika na kukuta hitaji lake bado linausubiri, halijatimizwa na kitu kingine cha bei ndogo. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nakiri kwamba mwenyewe nilichelewa kuielewa. Nikiwa sekondari hapa Tanga nilibandika kwenye jalada la daftari picha ya ndege moja ya Kimarekani yenye mabawa yaliyotazama mbele, nikiwa na hakika kwamba hiyo ndiyo itakayozirithi zote. Daftari limeliwa na mchwa. Ndege hadi leo haina kikosi.

Ilikuwa X-29. Kampuni ya Grumman ilijenga mbili tu, na ya kwanza iliruka Desemba 14, 1984. Mabawa ya ndege nyingi za kasi hurudi nyuma kama ya mbayuwayu. Ya X-29 yalikwenda mbele, utadhani fundi aliyafunga kinyumenyume. Faida ya umbo hilo haikuwa siri, kwa kuwa Wajerumani walikwisha kulirusha mwaka 1944 katika ndege yao ya Junkers Ju 287. Kwenye bawa la namna hiyo hewa huelekea shinani badala ya nchani, kwa hiyo ncha za mabawa, ambako ndiko viliko vibao vya kuilaza ndege kushoto na kulia, huendelea kushika hewa hata ndege inapoinua pua kupita kiasi. Tabu yake nayo ilijulikana. Kasi ikiongezeka, hewa huikamata ncha ya bawa na kuipinda juu. Kadiri inavyopindwa ndivyo inavyozidi kukamatwa, mpaka bawa linang'oka. Bawa la chuma la kuhimili hali hiyo lingekuwa zito mno. Grumman wakatumia nyuzi za kaboni, wakazilaza kwa mpangilio unaolifanya bawa likisukumwa juu lijipinde upande ulio salama. Na kwa kuwa ndege yenyewe haikuwa na utulivu wa asili, kompyuta zilikuwa zikiusahihisha mkao wake hadi mara 40 kwa sekunde.

Ikafanya kazi. Mwaka 1985 ikaipita kasi ya sauti ikiwa imenyooka angani, jambo ambalo hakuna ndege ya mabawa ya namna hiyo iliyokuwa imelifanya. Sasa tazama kilichokuwa kikiendelea pembeni. Kompyuta zilizoiwezesha X-29 kukaa angani zingeweza pia kufungwa kwenye ndege ya mabawa ya kawaida na kuipa wepesi unaokaribiana na ule, na F-16 ilikuwa ushahidi tosha. Halafu kulikuwa na jambo kubwa zaidi ambalo umma haukulijua: siku X-29 inaondoka ardhini kwa mara ya kwanza, ndege ya F-117, iliyoundwa kukwepa rada, ilikuwa kazini kwa siri kwa zaidi ya mwaka mzima. Swali la wakuu wa jeshi lilikuwa limehama kutoka "nani anageuka haraka" kwenda "nani anaonekana kwanza." X-29 ilileta jibu zuri mno la swali la juzi. Warusi nao walijaribu, wakairusha Su-47 mwaka 1997, wakajenga moja tu; walipotengeneza Su-57 kwa ajili ya kikosi, mabawa yakarudi nyuma kama ya wenzao.

Kichwa cha makala haya kinatokana na ndege nyingine, X-31, ambayo kwangu inafundisha zaidi kuliko zote. Ilikuwa kazi ya pamoja ya Marekani na Ujerumani, ikaruka kwa mara ya kwanza Oktoba 11, 1990. Nyuma ya injini yake kulikuwa na vibao vitatu vya kaboni vilivyoingia ndani ya mkondo wa moto na kuugeuza, kama mtu anayepiga kasia nyuma ya mtumbwi. Kwa njia hiyo rubani aliweza kuinua pua hadi nyuzi 70, pembe ambayo ndege ya kawaida ingekwisha kuwa jiwe linaloanguka, kisha akaigeuza ndege pale pale ilipo. Katika mapambano ya mazoezi dhidi ya ndege ya kivita ya F/A-18 ilishinda mara nyingi sana. Imefanya safari zaidi ya 500, na ukiangalia mikanda yake leo bado unashika kichwa.

Januari 19, 1995, moja ya X-31 mbili ilianguka karibu na kambi ya Edwards, California. Puani mwa ndege kuna bomba dogo linalopima kasi ya hewa na kuipelekea kompyuta habari. Bomba la awali lilikuwa limebadilishwa na kuwekwa la aina nyingine, ambalo halikuunganishwa na umeme wa kulipasha moto. Jangwani mle, katika siku kavu zisizo na mawingu, hilo halikumsumbua mtu. Siku ile hewa ilikuwa na unyevu. Barafu ikaziba bomba, rubani akabonyeza swichi ya kupasha moto, na swichi ilikuwepo kweli. Waya wake ndio haukufika popote. Kompyuta ikaiamini kasi ya uongo, ikaisahihisha ndege kwa vipimo vya uongo, ndege ikaanza kuyumba na kuinua pua bila kuombwa. Rubani akajirusha nje kwa kiti, akapona.

Ukisikia kisa hiki kwa haraka utawacheka wahandisi, nami naona si haki. Hesabu yao ilikuwa na mantiki: ndege ya majaribio huchagua siku yake. Ikinyesha, hairuki. Fundi wake ni yule yule aliyeichora, na kipuri kikikosekana kinachongwa upya karakanani. Ndege ya kikosini haichagui. Inaitwa saa tisa usiku wakati wa masika, inakaa wiki tatu kwenye uwanja ulio jirani na bahari, inakaguliwa na kijana wa miaka ishirini na moja aliyefundishwa miezi michache na anayesoma hatua kwenye kitabu. Kila mahali ambapo watu wa majaribio walisema "hili tuliache kwanza" pamekuwa deni. Kuigeuza ndege ya majaribio kuwa ya kikosini ni kulipa madeni yote kwa mkupuo: kipasha moto, kinga ya kutu, kinga ya radi, vipuri, vitabu, na hata milango midogo ya kutosha mkono wa fundi kupita. Kila kimoja kina uzito na bei yake, na uzito huo unakatwa kwenye ule ule wepesi uliotushangaza kwenye mkanda. Pale Mkwakwani kila shabiki wa Coastal Union anamjua mchezaji wa mazoezini, anayepiga chenga Jumanne zote na Jumamosi haonekani. Kocha wake si adui yake.

Hata hivyo deni la bomba si lote lililouzuia ubunifu wa X-31 usienee. Wakati ndege hii inajifunza kuizungusha pua, Warusi walikuwa tayari na kombora la R-73, ambalo rubani aliweza kulielekeza kwa kugeuza kichwa tu, akimwangalia adui kupitia kifaa kilichofungwa kwenye kofia yake. Marekani ikafuata na AIM-9X mwaka 2003. Ukiweza kugeuza shingo, kuna haja gani ya kugeuza tani kumi za ndege? Ubunifu mara nyingi huuawa na kitu kilichotoka karakana nyingine kabisa, ambacho hakikuwa hata mshindani wake. Si kwamba ufundi wa kugeuza mkondo wa injini ulizikwa: F-22 ya Marekani inao, Su-30MKI na Su-35 za Kirusi pia. Lakini Rafale ya Wafaransa haina, Typhoon ya Ulaya haina, na F-35 iliyokuja baada ya zote haikupewa ufundi huo kwa ajili ya mapambano. Marekani ilifunga pua ya injini inayogeuka kwenye F-16 moja mnamo 1993, ikafanya vituko vya ajabu angani, na hakuna F-16 hata moja ya kikosini iliyowahi kufungwa kitu hicho. Ndege hiyo hiyo moja bado inaruka, nitaitaja tena.

Kwa sisi wa pwani kuna mfano wa Sea Dart, ndege ya kivita ya Convair ya miaka ya hamsini, iliyoondoka na kutua juu ya maji kwa kutumia mbao za kuteleza. Jeshi la Majini la Marekani liliihitaji kwa sababu liliogopa kwamba ndege zinazopita kasi ya sauti hazitaweza kutua kwenye meli. Anayeishi Raskazone na kuona baiskeli mpya inavyooza kwa mwaka mmoja hahitaji kuelezwa chumvi ingeifanya nini injini ya jeti. Novemba 1954 moja ilisambaratika angani huko San Diego mbele ya watazamaji, rubani akafa. Lakini kilichoimaliza hasa ni kwamba meli zenyewe zilibadilika: sitaha ikachorwa kwa kukingama, mitambo ya mvuke ya kurushia ndege ikaongezwa nguvu, na hofu iliyoizaa Sea Dart ikatoweka.

Sasa kuna waliovuka, na bila kuwaangalia hao hoja yangu itakuwa nusu. Mei 25, 1972, NASA ilirusha ndege ya F-8 ambayo usukani wake haukuunganishwa na mabawa kwa nyaya za chuma wala vyuma vya kusukumana. Rubani alikuwa akiiambia kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuwa ya aina iliyopeleka watu mwezini katika safari za Apollo. Leo ni shida kupata ndege mpya ya kivita isiyotumia njia hiyo, na ndege kubwa za abiria za kisasa zinaitumia. Kwa nini huu ulivuka? Kwa sababu uliondoa uzito badala ya kuuongeza, na kila kompyuta ilivyokuwa ndogo na rahisi ndivyo ulivyozidi kufaa bila mtu kuubadilisha. Wakati ulikuwa upande wake.

Mfano wa pili ni Have Blue, ndege mbili ndogo za siri za Lockheed, ya kwanza ikiruka Desemba 1977. Zote mbili zilianguka, moja 1978 na nyingine 1979. Mtu angedhani huo ndio mwisho. Badala yake F-117 iliyotokana nazo iliruka Juni 1981, na kufikia Oktoba 1983 ilikuwa kazini. Angalia ilivyoundwa: jambo lake jipya lilikuwa moja tu, umbo la kuyatawanya mawimbi ya rada, na karibu kila kilichobaki kiliazimwa. Injini ilikuwa ya ukoo wa ile ya F/A-18, na mfumo wa usukani ulitokana na wa F-16. Walikubali iwe na kasi ndogo kuliko sauti, walikubali isiwe na rada yake yenyewe. X-29 nayo iliazima, pua kutoka F-5 na magurudumu kutoka F-16, kwa hiyo kuazima peke yake hakutoshi. Tofauti iko kwenye hitaji. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilikuwa vimeonyesha jinsi makombora ya Kisovieti yanavyoweza kuzifyeka ndege, na hakuna karakana nyingine iliyokuwa na dawa ya bei ndogo. Jeshi liliagiza F-117 hata kabla Have Blue ya pili haijaanguka.

Wapo wanaolieleza suala hili kwa namna nyingine, na nianze na maelezo yanayopendwa sana kijiweni: kwamba teknolojia hizi hazijafa, zimefichwa. Sikatai kuwa siri zipo. F-117 ilifichwa miaka mitano ikiwa kazini, hadi Novemba 1988. Lakini mfano huo unaipinga hoja inayoutumia. Kilichofichwa kilikuwa ni ndege inayofanya kazi, yenye kambi, mafuta, marubani na bajeti, na ikaja kuonekana kwa sababu kitu kinachotumika hakifichiki milele. X-29 na X-31 zilijaribiwa wazi, ripoti zake zimesomwa na wanafunzi wa vyuo, na zilizobaki zimewekwa mahali pa kutazamwa, X-29 moja katika jumba la makumbusho la Jeshi la Anga huko Dayton, Ohio, na X-31 iliyosalia nchini Ujerumani. Hakuna anayeficha silaha ya kumshinda adui kwa kuiweka mahali ambapo watoto wa shule wanapiga nayo picha. Jirani yangu wa barazani akanijibu kwamba hiyo ndiyo njia bora ya kuficha, nami sikumbishia, kahawa ilikuwa ya kwake.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi, na walio nayo wana haki kiasi. F-22 ilitoka kwenye ndege ya majaribio iliyoruka mwaka 1990, ikaingia kazini Desemba 2005, na mpango wa kujenga 750 ukakatwa hadi ukaishia 187 za kikosini. Hata hivyo neno "fedha" linaeleza kidogo mno, kwa sababu wanaosema hakuna fedha ndio hao hao wanaozipata kwa jambo jingine. Chukua injini zinazobadili tabia zikiwa angani, ambazo huongeza mkondo wa tatu wa hewa pale ndege inapotaka kwenda mbali na kuufunga pale inapotaka nguvu. General Electric ilipeleka injini ya ukoo huo, YF120, kwenye mashindano ya kuipata F-22, yaliyofanyika 1990 na kuamuliwa 1991. Ilirushwa kwenye ndege zote mbili zilizoshindana, ikafanya vizuri, na ikashindwa na F119 iliyokuwa ya kawaida zaidi na isiyo na mashaka. Miaka thelathini baadaye wazo likarudi kwa jina la XA100, likitazamwa kama injini mpya ya F-35. Waliotengeneza walisema itaokoa mafuta kwa takriban asilimia 25. Machi 2023 Jeshi la Anga likaamua kuiboresha injini iliyopo badala yake. Gharama ilitajwa, ndiyo, lakini ilitajwa pamoja na jambo jingine: injini hiyo haikuingia kwa urahisi kwenye F-35B, ile inayotua wima na ambayo kikosi cha Marine Corps cha Marekani na washirika kadhaa wanaitumia. Mafundi wangelazimika kutunza injini mbili tofauti, maghala mawili, vitabu viwili. Injini bora ilishindwa na karakana.

Hoja ya tatu inasema hayo yote ni ya zamani, kwamba sasa kompyuta zinachora na kuijaribu ndege kabla hata skrubu moja haijafungwa, kwa hiyo safari imefupika. Naiheshimu hoja hii, ila nitaje ndege ya mafunzo ya T-7A ya Boeing, iliyonadiwa sana kwa sababu ya kuchorwa hivyo hivyo. Iliruka Desemba 2016, ikashinda zabuni Septemba 2018, ikatarajiwa kazini 2024, kisha ikasogezwa hadi 2027. Kati ya vilivyoichelewesha ni kiti cha kumrusha rubani, ambacho kilipaswa kuwafaa warefu na wafupi, wanaume na wanawake. Kompyuta ilichora ndege kwa haraka. Miili ya watu haikukubali kuharakishwa. Na hiyo si hata ndege ya kupigana.

Mfano wenye nguvu kwa upande wao ni China, na lazima tuukubali. J-20 iliruka Januari 2011 na kufikia 2017 ilikuwa imeingia kazini, miaka sita, mwendo ambao Wamarekani hawajauona siku hizi. Lakini waliupataje? Kwa kukataa kungoja. Injini waliyoikusudia haikuwa tayari, basi za mwanzo zikapewa injini za Kirusi zilizojulikana, kisha za Kichina za kizazi kilichopo, na injini mpya ikaachwa iive kwa wakati wake. Kwa maneno mengine, Wachina walivuka haraka kwa sababu waliuacha ng'ambo ubunifu ambao haukuwa tayari kuvuka.

Tukirudi sasa kwenye picha za Chengdu. Kuruka bila mkia si jipya: ndege ya mabomu ya B-2 inaruka hivyo tangu 1989, na ndege ndogo ya majaribio X-36, iliyokuwa asilimia 28 ya ukubwa halisi na isiyo na rubani ndani, ilifanya safari 31 mwaka 1997 na kuonyesha kwamba hata ndege ya kujipinda kwa ukali inaweza kuacha mkia. Swali lilijibiwa miaka ishirini na saba kabla ya video ya Chengdu, na katika muda wote huo hakuna kikosi kilichopokea ndege ya namna hiyo ya kupigana angani. Kwa hiyo anayeniambia kwamba ndege isiyo na mkia imeonekana ikiruka hajaniambia kitu. Angeniambia kwamba zimeonekana nne zenye rangi moja, zikiwa na namba za kikosi, zikitua kwenye uwanja wenye mvua, ningesogeza mkeka wangu karibu. Kinachonishawishi zaidi kwamba safari hii umbo hilo litavuka ni hitaji: bahari ya Pasifiki ni pana, rada zimekuwa kali, na ndege inayokwenda mbali bila kuonekana ina kazi inayoisubiri.

Kompyuta inayopigana yenyewe nayo iko hivyo hivyo. Ile F-16 moja niliyosema nitairudia, iliyofungwa pua ya kugeuka mwaka 1993, sasa inaitwa X-62A. Mwaka 2023 iliongozwa na akili unde ikapambana kwa mazoezi na F-16 yenye rubani, na Mei 2024 Frank Kendall, aliyekuwa Waziri wa Jeshi la Anga, akapanda ndani yake. Vichwa vya habari vikaandika kwamba marubani wamekwisha. Mimi naona dalili kwingine, kwenye ndege zisizo na rubani za YFQ-42A na YFQ-44A zilizoanza kuruka 2025, ambazo zinakusudiwa kusindikiza ndege zenye watu. Huko ubunifu unakuta nyumba isiyo na madeni mengi. Hakuna kiti cha kumrusha mtu, hakuna mjane wa kupelekewa barua, na bei ya kosa ni ndogo. Ukinitaka nibashiri, akili unde itavuka kwa mlango huo, wakati chumba cha rubani wa F-16 bado kina rubani.

Haya yanatuhusu nini sisi ambao ndege tunazoziona kila siku ni Cessna Caravan zikishuka kwenye Uwanja wa Ndege wa Tanga zikitokea Unguja na Pemba? Caravan hiyo inavutwa na injini ya ukoo wa PT6, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1961. J-7 za jeshi letu ni uzao wa Kichina wa MiG-21, ndege ya miaka ya hamsini, ambayo India iliistaafisha Septemba 26, 2025 baada ya kuitumia kwa zaidi ya miaka sitini. Mtu anaweza kuyaona hayo kuwa ni umaskini, na kwa sehemu ni kweli. Lakini MiG-21 ilienea duniani kwa sababu nchi zisizo na viwanda zilimudu kuitunza, na nchi inayonunua ndege hununua kwa hakika karakana ya miaka thelathini. Anayefikiri kuhusu ulinzi wa anga letu angefanya vizuri kuuliza ni vijana wangapi wanaomaliza masomo ya matengenezo ya ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na wanakwenda wapi baada ya hapo, kabla ya kuuliza Chengdu kumeruka nini. Bunge linapofikishiwa bajeti ya ulinzi, mstari wa vipuri na mafunzo hauna picha ya kuzungusha kijiweni, na kwa sababu hiyo hakuna anayeuulizia.

Kuhusu F-47, mkuu wa Jeshi la Anga la Marekani alisema mwaka 2025 kwamba ya kwanza imeanza kujengwa na inatarajiwa kuruka 2028. Itakaporuka, kijiwe kitatazama mabawa. Mimi nitatafuta habari za injini, kwa sababu ule ukoo ulioshindwa 1991 na kukataliwa tena 2023 unaendelea kutengenezwa, sasa kwa majina ya XA102 na XA103, kwa ajili ya kizazi kijacho cha ndege. Ukifika kikosini safari hii, aliyekuwa mhandisi kijana kwenye majaribio ya YF120 atakuwa mzee wa baraza.